Deni linalokusubiri mlangoni: kutoka forodha ya Unguja hadi mizani ya Remba

Leo naweka kando habari za programu na simu mpya, nataka tuongee kuhusu pesa. Sio pesa zote, ni ile pesa ya haraka ambayo mtu anaichukua kwa sababu ya leo haipo na ya kesho haijafika: kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo, Fuliza kwenye simu, au noti anazopewa mvuvi na ajenti wa samaki kabla hajaingia ziwani.

Watu wakizungumzia deni la namna hii huuliza swali moja tu: riba ni ngapi? Ni swali zuri na hesabu yake tutaifanya hapa chini. Lakini mimi kazi yangu ni kuandika programu, na niliwahi kupewa kazi ya kuandika ile sehemu inayopokea malipo ya wakopaji wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Riba ilikuwa mstari mmoja wa programu. Uliotuchukua mikutano mitatu ni mstari mwingine: pesa ya mkopaji ikiingia, nani anaichukua wa kwanza? Faini? Riba? Deni la zamani? Deni jipya? Na mwenye pesa mwenyewe anafikiwa wa ngapi? Tangu hapo kila nikiona mkopo natafuta huo mstari kwanza, asilimia baadaye. Na nikirudi nyuma kwenye historia yetu naukuta kila mahali, hata kabla ya kompyuta kuzaliwa.

Mahali unapoonekana bila mashine yoyote ni Remba. Kwa wasioijua, Remba ni kisiwa kidogo cha mawe ndani ya Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay. Migingo, jirani yake aliyepata umaarufu kwa ugomvi wa Kenya na Uganda mwaka 2009, Kenya inaihesabu ndani ya Kaunti ya Migori. Remba imejaa mabati, nyumba zimebanana, na watu wake ni Wakenya, Waganda na Watanzania, kwa hiyo Kiswahili kinasikika pamoja na Dholuo na Kiganda. Shamba hakuna. Unga, kuni, petroli, barafu, hata bia, vyote vinaletwa kwa boti. Maana yake ni kwamba pesa inaingia kisiwani kupitia mlango mmoja tu: pale ufukoni, samaki anapopimwa.

Sasa tazama mizani ni ya nani. Mara nyingi ni ya ajenti, yule anayenunua mbuta (ndugu zetu wa Tanzania wanamwita sangara) kwa niaba ya viwanda vya minofu. Ajenti huyo huyo ndiye aliyetoa nyavu, ndiye aliyekopesha mashine ya boti, ndiye anayetoa petroli ya safari ya leo. Makubaliano ni kwamba samaki wote wataletwa kwake, na bei atakayotoa iko chini kidogo ya ile wanayopewa wasiodaiwa. Hakuna anayetaja neno riba.

Tuifanyie hesabu ya mfano. Tuseme deni ni shilingi 50,000 za nyavu na mashine. Bei ya asiyedaiwa ni 300 kwa kilo, bei ya mwenye deni ni 260. Boti inaleta kilo 30 kwa siku, siku 20 kwa mwezi. Tofauti ya shilingi 40 mara kilo 600 ni shilingi 24,000 kwa mwezi mmoja. Hiyo ni karibu nusu ya deni lote, na deni lenyewe bado ni 50,000, halijaguswa. Nikiambiwa kuna kadi ya mkopo ghali kuliko hiyo nitaomba kuiona! Lakini mvuvi haoni 24,000 ikitoka mfukoni mwake, kwa sababu haikuwahi kuingia. Imechukuliwa mlangoni.

Utaratibu huu haukuanzia ziwani. Turudi Unguja karne ya 19. Misafara iliyokwenda bara kutafuta pembe za ndovu ilibeba vitambaa, shanga na waya wa shaba, na sehemu kubwa ya mali hiyo ilichukuliwa kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa mjini. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alifanya safari zake kwa mali ya Taria Topan. Msafara ungeweza kukaa miaka. Wengine walikufa njiani, wengine waliporwa, wengine waliamua kubaki huko huko bara wasimuone mdai. Kwa hatari kama hiyo, tajiri alipandisha bei ya vitambaa anavyokopesha na kushusha bei ya pembe zitakazorudi. Ni ile ile shilingi 40 ya Remba, ila hapa ilikuwa pande zote mbili.

Kinachonivutia mimi kama mtu wa mifumo ni forodha. Kwa miaka mingi Sultani alikodisha ukusanyaji wa ushuru wa forodha kwa kampuni ya Jairam Shivji, na kampuni hiyo hiyo ilikuwa mkopeshaji mkubwa wa mjini, Sultani mwenyewe akiwa mmoja wa wadaiwa wake. Mwaka 1876 forodha ikachukuliwa na Taria Topan. Fikiria: aliyekukopesha mtaji wa msafara ndiye anayesimama pale pembe zako zinaposhushwa. Haina haja ya kukufuata Tabora wala Ujiji. Atakungoja, kwa sababu pembe za kuuza ng'ambo lazima zipite kwake.

Tofauti ya Unguja na ziwa letu ni teknolojia, na hapa ndipo nadhani wengi wetu tunaopenda vifaa vipya tungetulia kidogo. Mvuvi wa zamani wa Ziwa Victoria alisuka mitego yake kwa mianzi, mafunjo na matete. Hakuwa na haja ya ajenti. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1905 zikaletwa nyavu za kitani katika ghuba upande wa Kenya, zilizovua ngege kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Lakini wavu wa kitani ulinunuliwa dukani kwa pesa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, zinazodumu zaidi. Zikaja mashine za boti. Kila kifaa kilivua zaidi ya kile cha kwanza, na kila kimoja kilitaka pesa ambayo mvuvi hakuwa nayo siku ya kwanza.

Halafu akaja mbuta mwenyewe. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 alipozidi, viwanda vya minofu vikajengwa Kenya kumuuza Ulaya. Mbuta wa kiwandani hawezi kungoja. Anataka barafu, na barafu inataka boti ya kuileta, na boti inataka mtu mwenye pesa taslimu kila siku. Mtu huyo ndiye ajenti. Simlaumu kwa kila kitu, na wala sipendi makala zinazomchora kama shetani. Naye hupewa pesa na kiwanda kwa masharti, na mvuvi akihama na nyavu zake usiku kwenda upande wa Uganda, hasara ni ya ajenti. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, mara kwa hofu ya vijidudu na kipindupindu, mara kwa habari za sumu iliyotumika kuvulia. Lakini mlolongo una tabia moja: soko likifungwa bei inashuka kutoka juu hadi chini, na deni la nyavu linabaki na tarakimu zake zile zile.

Haya, sasa kadi. Najua mtashangaa kadi inaingiaje kwenye hadithi ya kisiwa cha wavuvi, ambako wengi hawajawahi kuimiliki. Nivumilieni, maana yanayofuata kwenye simu yanafanana na kadi kuliko tunavyodhani.

Mwezi Septemba 1958, Bank of America ilituma kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California. Hawakuwa wameziomba. Siku moja unafungua barua unakuta una uwezo wa kukopa. Baadaye kadi hiyo ikawa Visa. Mashine ya kutoa pesa ilikuja peke yake: ya kwanza ya Barclays ilifunguliwa Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967, na haikutumia kadi ya plastiki bali hundi maalum za karatasi zilizotiwa kaboni-14, ambayo ina mnururisho kidogo, ili mashine izitambue. (Ndiyo, mnururisho. Wahandisi wa zamani walikuwa na ujasiri wao.) Kadi na mashine vilipokutana, ndipo mwenye kadi ya mkopo alipoweza kutoa taslimu saa yoyote, bila kumuona mtu wa benki.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Ukinunua kitu dukani kwa kadi ya mkopo, kwa kawaida unapewa siku kadhaa bila riba kama utalipa bili yote. Ukitoa taslimu, siku hizo huzipati. Riba inaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, mara nyingi kwa kiwango cha juu kuliko cha manunuzi, na juu yake kuna ada ya kutoa. Kwa mfano, ada ikiwa asilimia 5 na riba asilimia 3.5 kwa mwezi, shilingi 10,000 zitakugharimu 850 kwa mwezi wa kwanza. Nyingi ya kadi hizi zina ada ya chini isiyopungua, kwa hiyo anayetoa kidogo ndiye anayeumia zaidi.

Lakini rudi kwenye ule mstari wangu wa programu. Tuseme unadaiwa 30,000 ya manunuzi yenye riba ndogo, na 10,000 ya taslimu yenye riba kubwa. Unapata mshahara, unalipa 30,000. Zinakwenda wapi? Kwa miaka mingi huko Marekani benki nyingi zilizipeleka zote kwenye deni lenye riba ndogo, na lile la taslimu likaachwa linenepe. Mteja alilipa kwa bidii mwezi baada ya mwezi na deni ghali likabaki pale pale chini, halifikiwi. Kuibadili kulihitaji sheria ya Bunge lao ya mwaka 2009: kuanzia Februari 2010, chochote unacholipa zaidi ya kiwango cha chini kinaenda kwanza kwenye deni lenye riba kubwa. Nimeisoma sheria hiyo nikacheka peke yangu. Bunge zima limekaa kurekebisha mpangilio wa foleni!

Sasa turudi nyumbani. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na miaka ya kwanza ilikuwa njia ya kutuma pesa tu. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ya Safaricom na Commercial Bank of Africa: mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Hawakuiita riba, na hilo lilikuja kuwa na maana mwaka 2016 sheria ilipoweka kikomo cha riba za benki, kikomo kilichoondolewa mwaka 2019. Januari 2019 ndipo ikaja Fuliza. Neno limechaguliwa kwa akili, kwani kufuliza ni kuendelea bila kukatiza. Unatuma pesa, salio halitoshi, muamala unapita hata hivyo. Hujaenda popote, hujamuomba mtu. Katika mwaka ulioishia Machi 2022 Wakenya walifuliza zaidi ya shilingi bilioni 500.

Viwango vya mwanzo vilikuwa hivi: asilimia 1 ya kuingilia, halafu ada ya kila siku. Shilingi 5 kwa siku kwa mkopo wa 101 hadi 500, shilingi 10 kwa siku kwa 501 hadi 1,000, na kuendelea hadi shilingi 30 kwa siku kwa kila mkopo wa kuanzia 2,501. Chukua kalamu. Aliyefuliza 400 kwa siku 30 alilipa 4 na 150, jumla 154, sawa na asilimia 38.5. Aliyefuliza 10,000 kwa siku zile zile alilipa 100 na 900, jumla 1,000, yaani asilimia 10. Hapo bado kodi. Oktoba 2022 ada zilipunguzwa, na mikopo isiyozidi 1,000 ikapewa siku 3 za mwanzo bila ada ya kila siku. Ni nafuu ya kweli, hasa kwa mama wa samaki anayefuliza asubuhi na kulipa jioni. Kwa mvuvi wa omena hadithi ni nyingine. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili taa hazivuti kitu, boti zinalala, na ndipo mtu anapofuliza ya unga. Siku ambazo ada inahesabiwa ndizo siku ambazo ziwa halitoi, na Kenya ikifunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai, siku hizo zinakuwa nyingi.

Kuna jambo dogo ambalo watumiaji wote wanalijua na mabango hayalisemi kwa sauti. Fuliza iliundwa kwa ajili ya kutuma na kulipa, sio kutoa taslimu kwa wakala. Kwa hiyo mwenye shida ya noti anamtumia rafiki, rafiki anatoa kwa wakala, anampa mkononi. Ada ya Fuliza, ada ya kutuma, ada ya kutoa: tatu kwa mia tano zile zile. Hiyo ndiyo kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo, tofauti ni kwamba Remba mashine ya ATM ni rafiki yako.

Halafu foleni. Ukiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa yako inalipa Fuliza kwanza. Haijalishi ni ya nani au ya nini. Mchango wa matanga, karo ambayo shangazi ametuma, pesa ya petroli ambayo mwenye boti amekukabidhi. Kwa upande wa mkopeshaji ni ubunifu mzuri sana, nakiri kama mtu wa kazi hiyo, kwa sababu umeondoa kabisa kazi ya kudai. Zile programu nyingine za mikopo za simu zisizoshika mlango zililazimika kufukuza watu: zilisoma orodha ya majina kwenye simu ya mdaiwa na kuwapigia jamaa na wakubwa wake kazini, mpaka kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zikapiga marufuku. Fuliza haina haja ya kumpigia mtu. Inangoja forodhani, kama Taria Topan.

Sasa unganisha milango miwili. Tuseme boti imeleta mbuta wa shilingi 7,800. Ajenti anakata petroli na barafu 3,000, anakata 1,500 ya nyavu. Zimebaki 3,300. Nusu ni ya mwenye boti, nusu inagawanywa kwa wavuvi watatu, kila mmoja 550. Wanatumiwa kwa simu. Mmoja wao alikuwa amefuliza mwezi ulipokuwa mkubwa, anadaiwa 480. Ujumbe unaingia, na mwingine nyuma yake. Aliyekesha ziwani ana shilingi 70.

Utaniambia asikope. Sawa. Lakini angalia mtu aliyeajiriwa pale Homa Bay mjini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote kwenye mshahara wake yasizidi theluthi mbili. Awe na mikopo mitano, theluthi moja lazima imfikie. Sheria hiyo haimjui mvuvi wa Remba, kwa sababu yeye hana mshahara, ana mgao. Wala haiijui Fuliza, kwa sababu inafanya kazi baada ya mshahara kushafika kwenye simu.

Kiufundi kulirekebisha ni jambo dogo. Kabla ya kukata, programu inaangalia kiasi kilichoingia na kuacha sehemu, tuseme theluthi, ipite kwa mwenyewe, na iliyobaki ilipe deni. Mkopeshaji atalipwa polepole zaidi, na pengine atapunguza kiwango anachokopesha, hiyo ndiyo gharama yake na si ndogo. Kwenye ile programu ya chama cha akiba tuliuweka mstari huo. Siku ya kukabidhi kazi, swali la kwanza la mteja lilikuwa kama unaweza kuzimwa. Nilimwonyesha mahali pa kuuzimia, kwa sababu mkataba ulisema kila kitu kiwe na swichi. Mara ya mwisho nilipochungulia ulikuwa bado umewashwa.